Kijiti cha Pua na Uji wa Cucu

Kila Jumamosi Shiko hutoka kwao Kimbo, Ruiru, na kwenda Thika kwa bibi yake, Magdalene, ambaye humwita Cucu. Akifika huosha vyombo, hufagia ua, kisha hupokea mshahara wake, uji wa wimbi. Cucu humimina kikombe kimoja tu, kikubwa cha bati. Shiko huonja kwanza kuona kama uji umepoa, na mara nyingi husema, "Bado ni moto," hata kama umepoa kabisa, ili aonje mara ya pili. Kisha hunywa kwa kupokezana hadi uishe. Ni desturi yao tangu Shiko akiwa mdogo.

Cucu ana pumu. Mwaka uliopita mafua yalimlaza hospitalini akawekewa oksijeni, na Shiko alilia hadi macho yakavimba. Alipopona, daktari alimwambia awe akichanjwa kila mwaka. Shiko alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akaishukuru hata sindano yenyewe.

Basi Alhamisi moja Shiko alishikwa na homa. Kufikia Jumamosi homa ilikuwa imeshuka, lakini alikohoa na pua ilichuruzika. Baba yake, Mburu, alikuwa amerudi usiku wa kuamkia siku hiyo kutoka Naivasha, alikokuwa akijenga kwa wiki tatu, na alimkuta kwa shangazi yake, Tata Tabby, akikohoa. Asubuhi alimpeleka kliniki mjini Ruiru.

Walipokuwa wakingoja, Shiko alichungulia chumba cha pili. Mvulana mmoja alikuwa akichokorwa puani kwa kijiti chembamba chenye pamba, na machozi yalimtiririka. Shiko alirudi upesi na kuketi karibu na Baba.

"Homa yako ilianza lini?" Muuguzi Kyengo alimwuliza. "Kama ni juzijuzi, tutachukua sampuli puani."

"Wiki mbili zilizopita," Shiko alijibu haraka.

"Wiki mbili na Tata Tabby hakuniambia?" Baba alishangaa.

"Ilikuwa kidogo tu, Baba."

Muuguzi aliweka kijiti kando. "Basi hakuna haja. Virusi vitakuwa vimekwisha, kimebaki kikohozi tu."

Shiko alishusha pumzi. Raha yake haikudumu, kwa maana Baba alisema kwa furaha, "Kumbe umepona! Twende Thika, Cucu asikae akikungoja bure."

Njiani Shiko alijifariji kwamba Cucu amechanjwa, lakini picha ya Cucu akihema hospitalini haikumtoka akilini. Walipofika, Cucu alikuwa langoni na kikombe cha bati mkononi, kikifuka moshi.

"Shiko wangu! Umechelewa leo. Haya, nionjee," alisema akimnyooshea kikombe.

Shiko alificha mikono mgongoni na kurudi nyuma.

"Cucu, usinikaribie! Nilimdanganya muuguzi. Homa ilinianza juzi Alhamisi. Niliogopa kile kijiti."

"Shiko!" Baba alifoka. "Unajua ungemfanya nini mama yangu?"

Cucu alirudi hatua chache, akaweka kikombe juu ya ukuta. "Mburu, pole pole. Amesema kabla ya kikombe, si baada yake. Namshukuru kwa hilo. Sasa mrudishe kliniki akamalize kazi."

Muuguzi Kyengo aliwasikiliza bila kukasirika.

"Lakini si Cucu amechanjwa?" Shiko aliuliza.

"Chanjo hupunguza hatari, haiimalizi. Tena kirusi cha mafua hubadilika kila wakati. Chanjo ya mwaka jana huenda isifae kwa kirusi cha mwaka huu. Ndiyo maana sampuli hupelekwa maabara. Wanasayansi huangalia kirusi kimebadilika wapi, hulinganisha na cha nchi nyingine, kisha hutabiri aina zitakazoenea msimu ujao. Hufanya hivyo mapema, maana kutengeneza chanjo huchukua miezi."

"Na wakikosea?"

"Hutokea. Ndiyo maana wanahitaji sampuli nyingi, na majibu ya kweli."

Shiko alifikiri kidogo. "Kwa hivyo chanjo ya Cucu ilitoka puani mwa mtu?"

Muuguzi alicheka. "Ilianzia huko. Puani mwa watu wengi ambao hutawajua kamwe."

Shiko aliinua kidevu bila kuambiwa. Kijiti kilimwasha, machozi yakamtoka, akapiga chafya kubwa, na kazi ikaisha.

"Asante, Shiko," alisema muuguzi.

Alipopona kabisa, Shiko alirudi Thika. Cucu alimkumbatia kwa muda mrefu, akimsugua mgongo, huku Shiko akimsimulia aliyoambiwa na muuguzi.

"Kuna mtoto mahali fulani aliyekubali kutokwa na machozi kidogo ili mimi nipumue," Cucu alisema. "Simjui jina, lakini humwombea. Sasa kuna cucu mwingine atakayekuombea wewe. Lakini sikia, mjukuu wangu. Siku ile, kilichonikinga kwanza ni ukweli wako. Ukiugua, sema, na useme tangu lini. Anayeficha ugonjwa huwaweka hatarini wale anaowapenda."

"Nimesikia, Cucu. Asante kwa kunisamehe."

Cucu alimimina uji na kumpa kikombe. "Haya, nionjee."

Shiko alionja. Ulikuwa mtamu kuliko siku zote, na alitamani sana kuonja tena.

"Umepoa, Cucu," alisema, akamrudishia kikombe.