Tembo la Saa Nne

Kila alfajiri, mara baada ya kuswali, Farhan alichukua jagi la plastiki na kwenda kwenye minazi iliyo nyuma ya nyumba yao, mtaa wa Dunda, mjini Bagamoyo. Huko alimkuta mjomba wake, Muharami, ameshapanda na kushuka, kotama yake, kisu cha kugemea, imechomekwa kiunoni na kibuyu kiko mkononi. Minazi yenyewe ilikuwa mifupi. Mjomba Muharami alikuwa na goti bovu, na mnazi mrefu hauna huruma na mtu wa goti bovu. Kila jioni alikata ncha ya karara la mnazi na kulifungia kibuyu kisafi, na utomvu ukachuruzika taratibu mpaka asubuhi. Utomvu huo ndio tembo tamu.

Tembo tamu ndilo lililoumua vitumbua vya Bi Mize, mama yake Farhan. Wauzaji wengine walitia hamira ya dukani, lakini Bi Mize alisema hamira inakifanya kitumbua kinukie mkate, na hakutaka hata kuisikia. Tangu baba yake Farhan afariki, vitumbua ndivyo vilivyokuwa chakula, sare na madaftari ya nyumba ile. Saa nne, wakati wa mapumziko, Bi Mize alisimama kwenye lango la shule na sinia lake, na wanafunzi walimzonga kama kuku waliomwagiwa mtama.

Tembo lilikuwa na masharti yake nyumbani. Kila mtoto kikombe kimoja, hapo hapo, kabla jua halijapanda. Linalobaki linachemshwa mpaka liwe zito, liwe asali ya tembo.

"Jua likishalipiga si letu tena," Bi Mize alizoea kusema. "Linachacha, linakuwa kileo, na sisi hatuna kazi na kileo."

Farhan aliyajua masharti hayo tangu hajaanza shule. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusikia ni kitu kingine.

Alipokuwa mdogo alilipenda tembo tamu mpaka akalamba kikombe. Kisha alipoingia darasa la sita likamjia wazo ambalo aliliona la akili sana: kwa nini asibakize lake kidogo, alitie kwenye chupa ya maji, alinywe shuleni? Siku ya kwanza, saa nne, alipofungua kifuniko chupa ilitoa pumzi, na tembo likamchoma ulimi. Alilitema. Siku ya pili alimeza kidogo. Baadaye akaanza kuupenda ule mchomo, na ule wepesi wa kichwa uliokuja nyuma yake. Sasa alikuwa darasa la saba, na lile la alfajiri alilinywa kwa kumridhisha mama tu.

Wala hakujiona mkosaji. Alijiambia kwamba ni tembo lile lile, limetoka kibuyu kile kile, na mama mwenyewe ndiye aliyempa. Kwani tembo tamu ni haramu? Watoto wa Bagamoyo wangapi wamelelewa nalo?

Asubuhi moja Mjomba Muharami alimjazia kikombe. Farhan akanywa nusu, akakunja uso.

"Siku hizi tembo lako halina ladha, mjomba. Kama maji ya sukari ya watoto."

Mjomba Muharami alikuwa akifuta kotama. Mkono wake ukasimama.

"Umesemaje?"

"Nasema halina ladha."

"Tangu lini?"

Kulikuwa na kitu katika sauti ile ambacho Farhan hakukipenda.

"Aa, nakutania tu, mjomba," alisema, akacheka, akalibeba jagi mbio kumpelekea mama. Njiani akaijaza chupa yake kutoka kwenye jagi kwa siri, akaificha ndani ya begi.

Siku hiyo jua lilikuwa kali tangu mapema. Wakati wa mapumziko Farhan alikaa na wenzake wa darasa la saba kwenye baraza, akipiga mafunda madogo kama mtu mzima anayestarehe. Akaja Twalha, mtoto wa jirani yao, wa darasa la tatu, anatweta kwa kukimbizana. Mkononi alikuwa na kitumbua cha pili, na shavuni mabaki ya kile cha kwanza.

"Kaka Farhan, nionjeshe tembo tamu."

Twalha aliijua harufu ile. Hata kwao lilinunuliwa kwa ajili ya mikate ya Ramadhani, na alfajiri mama yake humpa kikombe. Farhan alisita. Lakini wenzake walikuwa wanamtazama, na mmoja akasema, "Mpe bwana, huo uchoyo wa nini?" Akampa chupa. Twalha alikuwa na kiu. Akaona linachoma, akaziba pua, akanywa kwa nguvu mpaka chini. Wakubwa wakampigia makofi.

Baada ya mapumziko Twalha alitapika darasani. Akasimama akaanguka, akasimama tena akaangukia dawati la jirani yake. Mwalimu Adila, mwalimu wa afya, alikuja mbio.

"Umekula nini, baba?"

"Vitumbua," Twalha alisema kwa ulimi mzito. "Vya Mama Farhan."

Kweli kinywa chake kilinukia tembo. Lakini vitumbua vya Bi Mize vyote hunukia tembo, na hapo ndipo mkasa ulipokaza fundo. Mwalimu Adila akaita bajaji ya kwenda zahanati. Watoto wawili wazima kabisa nao wakashika matumbo, maana na wao walitamani kupanda bajaji.

Bi Mize alikuwa bado langoni, anakusanya vyombo vyake.

"Bi Mize, uniwie radhi," Mwalimu Adila alimwambia huku amembeba Twalha. "Mtoto ameharibika tumbo, na wengine wawili wanalalamika. Mpaka tujue kuna nini, usiuze tena hapa shuleni."

"Vitumbua vyangu?" Bi Mize aliuliza. Alilitazama sinia kana kwamba lilikuwa la mtu mwingine.

Farhan aliyasikia yote kutoka dirisha la darasa. Akaenda bombani, akaisuuza chupa, akaisuuza tena.

Alipotoka shule alimkuta mama yake uani. Alikuwa amelimwaga rojo la mchele alilokwisha kulitayarisha kwa ajili ya kesho, na sasa alikuwa akinusa kila kitu: mafuta, iliki, mchele uliobaki, hata maji ya ndoo.

"Nimekosea wapi?" alikuwa akijisemea. "Mchele niliuosha. Mafuta mapya. Nimemdhuru mtoto wa watu, na sijui kwa kitu gani."

Farhan alitamani ardhi ipasuke. Mama hakuwa na hasira na mtu yeyote ila nafsi yake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Farhan," Mjomba Muharami aliita kutoka jikoni. "Njoo unishikie mwiko."

Sufuria ya asali ya tembo ilikuwa motoni, inatokota polepole. Farhan akakoroga. Mjomba wake akaketi kwenye kigoda, akanyoosha goti lake bovu. Hakumuuliza swali lolote.

"Nilipokuwa umri wa Twalha," alianza, "nililipenda tembo la alfajiri. Nilipofika umri wako nikasema halina ladha. Maneno yale yale uliyoniambia leo. Nikawa nalipenda la saa nne. Kisha nikalipenda la adhuhuri, kisha lililolala. Nikajisifu kwamba nimekua, kwamba vitamu ni vya watoto na vikali ni vya wanaume. Nilipokwenda Chalinze kupakia malori, tembo lote nikaliona maji. Nikahamia kwenye gongo. Hata gongo mwishowe niliona ni kama chai."

Farhan aliendelea kukoroga bila kuinua macho.

"Goti hili nililivunja huko, nilipoanguka kutoka juu ya lori. Watu hudhani hilo ndilo lililonileta nyumbani kwa kujuta. Sivyo. Niliporudi, bibi yako Kuruthumu, Mungu amrehemu, alinipikia samaki wa kupaka. Unajua alivyokuwa akipika. Nikaonja, nikamwambia, mama, mbona hukutia chumvi wala ndimu? Alinyanyuka akaniletea chumvi. Alikuwa ametia kila kitu, Farhan. Mama yako alikula chakula kile kile akajilamba vidole. Ulikuwa mlo wa mwisho mama kunipikia, na mimi sikuisikia ladha yake."

Alisogeza ukuni motoni. Akakohoa.

"Ulimi wangu haukukua. Ulikuwa umekufa ganzi. Na haukuanza kufa Chalinze. Ulianzia hapa, kwenye minazi hii, kwa kikombe ambacho kila mtu aliniruhusu kunywa."

Mwiko ulisimama. Farhan alikuwa akilia.

"Twalha hakuumwa na vitumbua," alisema. "Amekunywa la kwangu. La kwenye chupa. Lilikuwa limechacha, na mimi nilijua."

"Nilidhani hivyo tangu mama yako aliponisimulia," mjomba alisema. "Lakini si mimi ninayepaswa kuambiwa."

Farhan akatoka uani. Bi Mize alimsikiliza amesimama, mkebe wa iliki mkononi. Farhan alingoja kofi. Mama yake aliuweka mkebe chini, akachukua mtandio wake.

"Yarudie hayo mbele ya muuguzi," alisema. "Twende. Mbio."

Kwenye zahanati, Twalha alikuwa amelala kitandani, mama yake na Mwalimu Adila wamekaa pembeni. Muuguzi alikuwa anaandaa dawa za tumbo ili mtoto arudishwe nyumbani akapumzike. Farhan aliwaamkia wote, "Shikamooni," kisha akasema kila kitu bila kupunguza. Muuguzi akaziacha zile dawa, akamgeuza Twalha alale ubavu, akampima sukari kwenye kidole.

"Imeshuka," alisema. "Kileo humshushia mtoto sukari. Angekwenda kulala nyumbani hivi, pengine asingeamka vizuri. Kijana, umechelewa, lakini umewahi."

Mama Twalha alimtazama Farhan kwa jicho ambalo hakulisahau. "Mtoto wangu anakuita kaka," alisema. Farhan aliomba radhi, akaomba tena. Mama Twalha hakujibu mpaka Twalha, aliyekwisha kupewa maji ya sukari, alipofumbua macho na kuuliza kama kuna kitumbua kimebaki. Hapo ndipo alipocheka na kulia kwa pamoja, akamvuta Bi Mize mkono.

Asubuhi iliyofuata, mbele ya mstari, Farhan alisimama mwenyewe na kuwaeleza wanafunzi wote kwamba vitumbua vya mama yake havikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye chupa yake. Watoto wengine walicheka, lakini alimaliza. Wale wawili wa matumbo wakagundua kwamba hayaumi tena. Mwalimu Adila akamwomba Bi Mize radhi mbele ya shule nzima na kumkaribisha arudi langoni. Farhan akapewa adhabu ya kufyeka majani ya uwanja, na aliifanya bila kunung'unika.

Nyumbani, kikombe chake cha alfajiri kilikoma. Aliendelea kuchukua jagi kama kawaida, lakini kinywaji chake kikawa chai ya tangawizi.

"Mjomba, hata chai haina ladha," alisema siku za mwanzo, kwa huzuni ya kweli.

"Najua," Mjomba Muharami alimjibu. "Afadhali leo umesema kweli. Kunywa hivyo hivyo. Mimi nilingoja zaidi ya mwaka."

Saa nne zilikuwa ngumu. Farhan hakukaa tena kwenye baraza na wenzake. Alikwenda langoni kumsaidia mama yake, na Twalha akaja kila siku kusimama karibu yake, na kitumbua kila mkono, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ya manyunyu, Farhan, mama yake na mjomba wake walikuwa wamekaa jikoni. Farhan akapiga funda la chai, akakiweka kikombe chini.

"Mama, leo umezidisha sukari."

Bi Mize alikuwa anageuza vitumbua kwenye chuma. "Sijazidisha. Ni kijiko kile kile cha siku zote."

"Umezidisha. Tamu kweli!"

Bi Mize akamtazama kaka yake. Mjomba Muharami alikuwa amegeukia ukuta, anajifuta uso kwa mgongo wa mkono na kuusingizia moshi. Alipogeuka alimwekea Farhan mkono begani.

"Mwanangu, watakuja watu kukwambia kwamba ukikua utavipenda vikali, na kwamba asiyevipenda bado ni mtoto. Usibishane nao. Wewe ujue tu kwamba kila kikali ulichokizoea kilikuomba ukipe kitamu kimoja, na hukuona kilipoondoka. Mimi nililipa kwa chakula cha mama yangu. Wewe umerudishiwa chai ya mama yako mapema. Ishike."

Farhan aliitikia kwa kichwa. Kisha akanywa tena, taratibu safari hii, mpaka tone la mwisho, akalamba kikombe.