Maji ya Kijani

Mimi ni fundi cherehani. Kosa langu ni kwamba siku ya uchungu nilikaa nikishona.

Asubuhi ile maji ya uzazi yalitoka, ya kijani kizito. Nikajifuta kwa kitambaa, nikarudi kazini. Zilibaki sare mbili tu. Nikajisemea, mtoto wa kwanza alichukua siku nzima, na huyu atasubiri.

Jirani yangu muuguzi akaja kuchukua gauni lake. Akaona kile kitambaa sakafuni.

"Shoga, rangi gani hii?"

"Si maji tu ya mtoto? Ngoja nimalize pindo hili."

"Pindo? Inuka! Mtoto amejisaidia humo ndani. Huenda anakosa hewa. Twende hospitali!"

Mama mkwe, ninayeishi naye, akabeba nguo za mtoto, tukaondoka mbio. Hatukumaliza hata saa moja hospitalini, binti akazaliwa. Kimya. Mlegevu. Midomo ya bluu.

"Mmwagieni maji baridi!" mama mkwe akapiga kelele. "Mpigeni makofi!"

"Hapana, mama," mkunga akasema, mikono haitulii. "Baridi itamdhoofisha, kofi litamuumiza."

Akamkausha, akamsugua mgongo. Bado kimya. Akamfunika pua na mdomo kwa kinyago kidogo, akaanza kuminya mfuko wa hewa, taratibu.

"Ubongo unataka hewa," akasema. "Ukikosa dakika chache tu, unaumia. Ndiyo maana hatungoji."

"Nimezaa saba," mama mkwe akanong'ona, "sijaona mtoto anajazwa upepo kama tairi!"

Kifua cha mtoto kikapanda, kikashuka. Mara binti yangu akalia kwa hasira, utadhani kaibiwa.

"Tairi limejaa, mama," mkunga akasema. Tukacheka huku machozi yanatutoka.

Alilazwa siku tatu akiangaliwa. Tukaambiwa tumlete kliniki kila mwezi, waone anavyonyonya, anavyokaza shingo, anavyokaa. Sikukosa hata mara moja.

Wewe unayesoma, usifanye kama mimi. Maji yakitoka, acha kazi, nenda hospitali. Yakiwa ya kijani, usipoteze hata dakika. Na ujifungue mahali penye mtu anayejua kumsaidia mtoto kupumua.

Juzi binti alitimiza miezi saba. Pale kliniki alikaa mwenyewe bila kushikwa, akamvua mkunga miwani.

"Huyu mzima kabisa," mkunga akasema.

Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka watoto wote waliolala kliniki wakaamka.