Alilala Begani Kwangu

Ukumbi ulijaa watu na mabegi. Mabegi yalipangwa sakafuni, mengine yamechanika, mengine yakinuka tope na mafuta, na watu walipita katikati yake polepole, vichwa wameviinamisha. Ilikuwa mizigo iliyookolewa baada ya ndege ya abiria kukosa njia wakati wa kutua, mvua ikimwagika, na kukatika vipande viwili kwenye shamba la jirani. Baadhi ya abiria walitoka. Wengi hawakutoka.

Msusi alikuwa mmoja wa waliotoka. Siku hiyo alivaa gauni la kijivu lisilo na vifungo, maana mkono wake wa kulia, uliovunjika kwenye ajali, ulikuwa bado haujui kufunga kitu. Aliliona begi lake jeusi, akaushika mpini. Mkono wa mtu mwingine ukaushika pia.

"Samahani, dada. Hili ni la kaka yangu."

"La kaka yako lina magurudumu ya zambarau?"

Mwanamume akatazama chini. Alikuwa amevaa ovaroli ya buluu, kifua kipana, macho mekundu ya mtu aliyesahau usingizi.

"Hapana. La kwake ni jeusi tu. Nimeshashika kila begi jeusi humu ndani."

"Basi usiliachie. Nibebee mpaka nje. Mkono wangu siku hizi ni pambo."

Akatabasamu kwa taabu, akalibeba. Nje, kwenye benchi, akamwambia kwamba yeye ni fundi wa lifti, na kwamba kaka yake alikuwa kwenye ile ndege. Akamwonyesha picha kwenye simu. Msusi aliitazama mpaka kioo kikazima.

"Huyu alikaa na mimi."

"Una hakika?"

"Alinikanyaga akipita kwenda dirishani. Akaomba radhi mpaka nikaona aibu mimi. Halafu akalala, kichwa begani kwangu. Tena akakoroma!"

"Alikoroma?"

"Kama pikipiki mbovu."

Fundi akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikakatika, machozi yakaendelea. Msusi hakujua la kufanya. Akabaki pale.

Hivyo ndivyo walivyoanza kupigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Uko wapi, Bwana Lifti?"

"Juu ya paa la lifti, nakaza waya."

"Na simu sikioni? Kata! Utaan..."

Akalimeza. Lile neno hakuna kati yao aliyeliweza. Fundi akakohoa, akasema, "Nitakuja saluni jioni. Unitengee kiti."

Alikuwa akija kweli, amenawa lakini bado ananuka grisi, anakaa kwenye kiti cha wateja huku Msusi akisuka kwa shida, mkono mmoja ukiusubiri mwenzake. Wateja waliwatania. "Huyu kaka hana nywele, anakuja kusukwa nini?" Fundi alijibu, "Nasukwa moyo," na saluni nzima ikapiga kelele. Msusi aliinama kuficha uso. Ilikuwa imepita muda mrefu hajaona haya ya namna hiyo, ile haya tamu.

Lakini kila wakibaki wawili, mazungumzo yalirudi palepale.

"Kabla hajalala, alisema nini?"

"Nimekwambia, laazizi. Alisema samahani."

"Halafu?"

"Halafu akalala."

"Hakutaja nyumbani? Hakunitaja mimi?"

"Alikuwa hanijui, angenitajia nini?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Baada ya siku chache akauliza tena.

Jumapili moja alimpeleka kwao. Msusi alivaa gauni la rangi ya maziwa, akafunga kitambaa cha kijani kichwani. Mdogo wake ndiye aliyemfungia. Mama mtu alimpokea kwa mikono miwili. Shangazi mtu hakungoja hata chai ipoe.

"Wewe ndiye uliyekaa na mtoto wetu. Tuambie, alisema nini mwishoni?"

"Alikuwa amelala, shangazi. Alilala mpaka mwisho."

"Hakuna mtu anayelala ndege ikianguka!"

"Yeye alilala."

Mama akaangalia kikombe chake. Fundi hakusema neno la kumtetea, na walipofika barabarani ndipo alipofungua mdomo.

"Kama kuna kitu unakificha kwa kumwonea mama huruma, niambie mimi."

"Sina ninachoficha."

"Labda alilia. Labda alilaani mtu. Niambie tu."

Msusi akasimama. Hakupandisha sauti, hakuwa nayo ya kupandisha. "Nimechoka. Ukinishika mkono unauliza. Ukinibusu unauliza. Unanipenda mimi, au mimi ni dirisha tu la kumchungulia kaka yako?"

Fundi alichelewa kujibu. Msusi akasimamisha teksi.

Simu ikaita, hakupokea. Ikaita siku nyingi, kisha ikaacha kuita, na hilo likauma zaidi.

Asubuhi moja mlango wa saluni ukafunguliwa, akaingia yule mama, peke yake, mkoba kwapani.

"Nimekuja unisuke, mwanangu. Mistari myepesi tu, ya mtu mzima."

Msusi alimsuka polepole. Katikati ya kazi mama akauliza, bila kugeuka, "Alikulalia bega lipi?"

"Hili la kushoto, mama."

Mama akanyoosha mkono nyuma, akaligusa lile bega, akauacha mkono hapo. Saluni ilikuwa na kelele za mashine za kukaushia nywele, hakuna aliyewaona.

"Mimi nakuamini," mama akasema. "Tangu mdogo ukimketisha tu, amelala. Huyu mwingine ndiye hawezi kuamini. Yeye ndiye aliyemwambia kaka yake aache basi, apande ndege, awahi kuniona nilipougua. Anaogopa kwamba alilaumiwa."

Mchana Msusi alimfuata Fundi kazini. Lifti ilikuwa wazi, imefungwa utepe. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi, mkate haujaguswa mkononi. Alipomwona akainuka, kisha akakaa tena.

"Mama amenieleza," Msusi akasema. "Hakukulaumu. Hakuwa macho hata kujua."

"Najua. Nilijua siku ile ile, pale kwenye benchi. Nilikuwa sitaki kuamini kwamba imeisha kirahisi hivyo." Akajisogeza kumpa nafasi. "Na sikuwahi kukuuliza jambo moja. Wewe je? Yeye alikuwa amelala. Wewe ulikuwa wapi?"

Msusi akakaa kando yake. Hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Wote waliuliza habari za waliokufa.

"Nilikuwa macho," akasema. "Niliona kila kitu."

Akamsimulia. Taa zilizozimika, ukimya wa watoto, upande wa dirisha ulivyochanika na lile bega lilivyobaki jepesi ghafla. Watu waliokosa lifti waliwaruka wakipanda ngazi. Fundi hakumkatiza hata mara moja.

"Nioe," Msusi akasema. "Sina nguvu za kutongozwa tena."

Fundi akacheka, kicheko chembamba, kilichochoka. "Nami sina nguvu za kutongoza. Tuoane."

Akamega mkate, akampa nusu, wakala.