Barua Isiyouliza Goti

Naitwa Bathsheba. Nashona sare za shule hapa Homa Bay. Cherehani yangu ni ya miguu, na goti la kushoto hunisumbua. Mume wangu alifariki zamani. Mtoto wangu ni mmoja tu, Chrispine, naye alienda India kusoma. Tangu aende napika ugali wa mtu mmoja, na bado nabakisha.

Kila Ijumaa nilienda kwa Metrine. Ana ofisi ya kuchapa, na hupokea barua pepe za watu. Wengi wetu tulitumia anwani yake hiyo moja. Barua ikija, aliichapa kwenye karatasi, nami niliiweka katika kopo la biskuti. Barua za Chrispine zote zilianza namna moja, kwa Kiluo: "Mama, chongi nade?" Yaani, goti lako je?

Mwaka wa 1999 barua zikakatika. Miezi minne mizima! Majirani wakiniuliza, nilisema kijana ana mitihani mingi. Uongo mtupu. Niliogopa kwamba amenisahau.

Ijumaa moja Metrine aliniita nikiwa bado mlangoni.

"Mama Chrispine! Jina lake hili hapa!"

Nilipiga vigelegele peke yangu.

"Lakini ngoja," akasema. "Imeandikwa Kiingereza, eti ujumbe muhimu. Haijauliza goti. Na kuna faili imebandikwa chini. Tumwulize kwanza."

"Tumwulize nini? Wewe una mtoto India? Fungua!"

Akafungua. Ndani kulikuwa na orodha ya maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Hata salamu hakuna. Nilikaa kwenye benchi nikalia.

Nusu saa haikuisha, simu ikalia. Ilikuwa parokia. "Metrine, umetutumia nini?" Kisha akapiga mwalimu wa Rongo. Kisha mwenye duka wa Migori. Metrine akaruka, akachomoa waya wa simu kwenye kompyuta ili isiendelee kutuma.

Kesho yake asubuhi alikuja Cephas, fundi wa kompyuta kutoka Kisumu, na diski ya kusafishia.

"Hiki ni kirusi," alisema. "Ni programu mbaya, imefichwa ndani ya faili. Ukiifungua, kinasoma daftari la anwani lililo ndani ya kompyuta. Halafu kinajituma kwa watu hamsini, kwa jina lako. Wewe hujui lolote."

"Kwa hiyo Chrispine hakuniandikia?"

"Hakukuandikia, mama. Pole."

Maskini mimi. Nilikuwa nimeshangilia ugonjwa.

"Sasa tufanye nini?" Metrine aliuliza.

"Faili usiyoitarajia usiifungue, hata ikiwa na jina la mwanao. Mwandikie barua mpya, umwulize kama ni yeye. Akisema si yeye, ifute. Na hao mliowaambukiza, wapigieni simu leo hii."

Simu niliishika mwenyewe. "Ni mimi niliyelazimisha," nilimwambia kila mmoja. "Tafadhali, usifungue." Wengine walinigombeza. Haki yao.

Cephas alipokuwa akifunga mkoba, nilimwuliza, "Na hicho kirusi, kwetu kilipajuaje?"

"Anwani yenu imo kwenye daftari la Chrispine. Angekuwa ameifuta, kisingewafikia."

"Hajaifuta?"

"Hajaifuta, mama."

Kompyuta ilipopona, Metrine alimwandikia maneno machache: "Chrispine, ile faili ni wewe uliyetuma?" Wiki hiyo nilishona vibaya. Kola tatu nilizifumua.

Ijumaa Metrine hakuniita. Alinivutia kiti. "Haina faili," alisema. "Ni maandishi matupu."

Akanisomea polepole. "Mama, chongi nade? Faili sikutuma mimi. Hata kompyuta ya hosteli iliugua. Mama, nilianguka mtihani, nikaona aibu kukuandikia. Nisamehe."

Miezi minne, kila mtu na upweke wake!

"Nimjibu nini?" Metrine aliuliza.

Nilipangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Mwambie goti linauma sana. Halafu muulize kama amekula."