Benchi la Mlango wa Stoo

Siku benchi lilipotengenezwa walikuwepo wanne: Baba Kipusa, dereva wa lori ambaye siku za mapumziko hujiona seremala, mkewe Mama Kipusa, mama mzazi wa huyo mume, ambaye wote walimwita Bibi, na Kipusa mwenyewe, binti wa miaka mitatu.

Baba Kipusa aling'oa mlango wa stoo, ambayo haikufunguliwa tangu baba yake afariki. Ndani hamkuwa na kitu. Akaukata mlango vipande viwili, cha kukalia na cha kuegemea, na miguu akaitoa kwenye kitanda kibovu. Mkewe alimtania kwamba likivunjika atalala nalo huko huko nje. Lakini alimwona anavyopiga randa kila ukingo, tena na tena, ili mwanawe asichomwe na kibanzi, na moyo wake ukalainika. Bibi alifungua kinywa mara moja, akakifunga.

Jioni Mama Kipusa aliketi bustanini kulijaribu. Benchi likalia mlio mrefu wa bawaba. Bawaba zenyewe zilikuwa jikoni, ndani ya kopo.

Hakusema. Mumewe alikuwa na furaha mno.

Kesho yake mume akasafiri. Kipusa akawa anashinda bustanini, ameketi ukingoni kabisa mwa benchi, akinong'ona. Mama akamuuliza anaongea na nani.

"Na huyu," mtoto akajibu. "Amechoka kusimama."

Jua lilikuwa kali, lakini palinuka nguo zilizofungiwa miaka mingi.

Siku ya nne mchana, akiwa anaanika nguo, mama alisikia bawaba ikilia polepole, kama mtu anayefungua mlango akihofia kuamsha waliolala, akageuka na kumwona Kipusa anarudi kinyumenyume kuelekea benchi, mkono mmoja juu kana kwamba umeshikwa, akakimbia na shuka bichi mkononi na ile bustani ndogo ikawa haiishi, na alipofika mtoto alikuwa ameketi wima, anamtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Bibi alimleta mganga, mzee mpole aliyevua viatu mlangoni. Mbele ya mganga Bibi akakiri kwamba marehemu mumewe alikifungia kitu mle stoo, na kilichosomewa dua ya kukizuia ni ule mlango.

"Mbona hukusema, mama?" mkwewe akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilimwona mwanangu anavyocheka na mbao zake. Tangu baba yake afe sikuwahi kumwona hivyo. Nikanyamaza, mwanangu."

Mganga akaagiza mlango urudishwe mahali pake. Baba Kipusa, aliyekuwa amerudi mbio, akalifumua benchi, akaunga vipande kwa gundi na misumari, akausimamisha mlango kwenye fremu. Ulipungua. Msumeno ulikula kidogo, randa ikala zaidi, na juu likabaki pengo la upana wa kidole. Aliingiza ubao mwingine, mganga akatikisa kichwa. Baba Kipusa akakusanya maranda yaliyobaki kwenye majani, akayashika kifuani kwa viganja viwili, hajui ayapeleke wapi.

"Mgeni ningemtoa," mganga akasema taratibu. "Huyu mmemvunjia kwake. Nimwambie arudi wapi?"

Kipusa ana miaka saba sasa. Shuleni anasifiwa kwa adabu. Kila asubuhi humwamkia mama yake, kisha humuuliza, "Wewe unaitwa nani?"