Jina la Tovuti ya Mama Asifiwe

Jamani wana Mbagala, na nyie wa kwingine mnaonisikiliza, mie nimekaa mlango wa pili na nyumba hii ya Leodegar miaka kumi na moja. Ninayosema nimeyaona kwa macho yangu.

Jumamosi moja asubuhi nyumba ya Leodegar ilinukia pilau mpaka kwangu. Mkewe Yustina, ambaye sote tunamwita Mama Asifiwe kwa jina la binti yake wa kwanza, alikuwa akipakua chakula cha harusi huku anaimba. Harusi, kipaimara, maulidi, popote watu walipokula wakashiba utasikia, "Huu ni mkono wa Mama Asifiwe." Raha tupu!

Siku hiyohiyo akaja Loveness, fundi wa tovuti mwenye ofisi yake hapahapa Mbagala, Rangi Tatu, kuwatengenezea tovuti ya biashara. Kazi ya kwanza ilikuwa kuchagua jina la tovuti, yaani ile anwani mtu anayoiandika mtandaoni ili akufikie.

"Shikamoo baba. Mie naona tuandike mamaasifiwe, tumalizie na co.tz," alisema Loveness. "Ni fupi, na ndilo watu wanalolijua."

"Marahaba. Hapana!" Leodegar akaweka tai yake sawa. "Kichwa cha nyumba hii ni mie. Andika leodegarinternationalgroup."

"Baba, hiyo international iko wapi? Si mnapikia Mbagala na Ubungo?"

"Jina lazima liwe na uzito, binti."

Yustina aliendelea kupakua. Mie niliyekuwa naanika nguo nilitamani kuruka ukuta nikaivute hiyo tai!

Hakuishia hapo. Aling'oa na bango la barabarani lililoandikwa Kwa Mama Asifiwe, akasimamisha jipya lenye jina la tovuti yake. Wateja wakawa wanapita, wanadhani mama kahama. Waliomtafuta mtandaoni kwa jina lake hawakupata kitu. Simu ikanyamaza. Baada ya miezi minne masufuria yamelala kifudifudi uani, na wale kina mama wawili waliokuwa wakimsaidia wamerudi makwao.

"Jirani, nitafutie mtu wa kununua haya masufuria," Yustina aliniambia. "Nimechoka kuyaangalia." Akalia, nikalia naye.

Sasa sikilizeni, na hili alinisimulia Leodegar mwenyewe. Leodegar ni mwanakwaya. Jumapili moja kwaya yao ilikwenda Wazo, upande wa pili wa jiji, kufanya mazoezi na kwaya ya huko, iliyokuwa ikijiandaa kwa jubilei yake. Wakati wa chai akasimama mwenyekiti wa kamati ya jubilei, Mzee Ferdinand, ambaye hakumfahamu Leodegar hata kidogo.

"Mpishi niliyemtaka ni Mama Asifiwe wa Mbagala," alisema. "Nilikula chakula chake harusini Ubungo, mpaka leo nakiota. Nimepekua wapishi wote wa Mbagala mtandaoni, macho yanauma, yeye hayupo. Itakuwa ameacha kazi. Basi, leo tuwape wengine."

Chai ilimpalia Leodegar. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini aliyafikiria yale masufuria uani, aibu ikamshika, akasimama huku jasho linamtoka.

"Shikamoo mzee. Hajaacha kazi. Ni mke wangu."

"Marahaba. Mbona mtandaoni hayupo?"

"Yupo, ila nilimfunika kwa jina langu." Akalitaja lote.

Mzee Ferdinand akashika kichwa. "Hilo nililiona! Nikajua ni watu wa kuagiza makontena nje, nikalipita!"

Akaifungua ile tovuti kwenye simu yake. Ukurasa wa kwanza una Leodegar ndani ya suti, amekunja mikono. Pilau liko chini kabisa.

"Sasa mwanangu, siku ya jubilei tukutafune wewe?"

Kwaya mbili zikaangua kicheko, na Leodegar mwenyewe akacheka mpaka akakaa chini. Kamati ikampa Mama Asifiwe kazi palepale.

Alipofika nyumbani hakuvua hata viatu. "Mama Asifiwe, nisamehe. Nilitaka nionekane mie, nikakuzima wewe."

"Sema tena, jirani asikie," alijibu Yustina.

Akasema tena, na nikasikia! Kesho yake Loveness aliitwa, na safari hii jina la tovuti alilichagua Yustina mwenyewe, lilelile fupi la mwanzo, mamaasifiwe. Wale kina mama wawili wakarudi kazini.

Siku ya jubilei nami nilikuwepo Wazo. Leodegar kavaa aproni, anagawa pilau. Mgeni mmoja akamuuliza, "Samahani, wewe ni nani hapa?"

"Mie ni mume wa Mama Asifiwe," alijibu, uwanja mzima ukamsikia. "Sahani yako iko wapi?"

Funzo la kuondoka nalo

Ndugu zangu, jina la tovuti ni la kumsaidia mteja akupate, si la mwenye nyumba kujikweza. Kabla hujalisajili, waulize wateja wanakuitaje, na chagua fupi linalotajika kwenye simu mara moja likaeleweka. Na nyie kina baba, kazi za wake zenu ziacheni ziitwe kwa majina yao. Leodegar alisimama kukiri mapema. Zipo nyumba ambazo baba alisimama masufuria yameshauzwa.