Mtoto wa Ziada

Kila alasiri, Kidoti alipotoka shule alipitia kituo cha kulelea watoto alikofanya kazi shangazi yake. Alipanga vikombe, kisha akawasha kompyuta. Ni yeye aliyeandika programu ya kuhesabu watoto kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, na shangazi alimsifia kwa kila mteja. Kila chumba kilikuwa objekti moja, yaani kama daftari ndani ya programu, na kila mtoto aliyemo alikuwa sifa ya objekti hiyo, kama mstari mmoja daftarini. Mtoto akichukuliwa, sifa yake ilifutwa. Hesabu ikifika sifuri, shangazi alifunga mlango.

Siku moja watoto wa chumba cha wakubwa waliondoka wote, lakini kioo cha kompyuta kiliandika 1.

"Nani amebaki?" shangazi aliuliza. Alichungulia chini ya meza, nyuma ya pazia, hata chooni. Hakumwona mtu. Uani bembea ilikuwa ikienda yenyewe.

"Mwanangu, twende zetu," alisema, akichukua funguo.

Kidoti aliona aibu zaidi kuliko hofu. Badala ya kutafuta kosa, aliongeza amri mwishoni mwa programu: toa moja. Kioo kikaandika 0.

Kesho yake alitengeneza objekti mpya ya chumba cha wadogo, kilichofunguliwa siku hiyo. Jioni wingu zito lilitanda, na kioo kikaandika 0. Shangazi alifunga mlango, wakaanza kushuka ngazi. Ndipo waliposikia: ko, ko, ko. Sauti ilitoka ndani.

Shangazi alimkamata mkono. "Ni yule wa jana! Tembea, usigeuke!"

Kidoti alitamani sana kutembea. Lakini alisimama palepale.

"Shangazi, hakuna wa jana. Nilitoa moja ili kosa lisionekane. Huenda leo nimemtoa mtoto wa kweli."

Shangazi alirudi mbio, akafungua mlango. Nyuma ya magodoro alikuwa amekaa Bonge, mmoja wa wale wadogo, machozi na kamasi tele, akigonga ukuta kwa kijiko. Mama yake alikuwa amechelewa kazini.

Kidoti alimpigia simu kaka yake, fundi wa kompyuta, akamsomea programu yote.

"Jana chumba cha wakubwa ulikifanya kirithi sifa za objekti ya kituo, yenye sifa ya anwani, nayo ikahesabiwa kama mtoto," kaka alieleza. "Kitanzi cha for...in, ile amri ya kurudia uliyohesabia, huhesabu na sifa za kurithi. Chumba kipya hakikurithi kitu, kwa hiyo ile 'toa moja' ikampunguza Bonge. Andika Object.keys(chumba).length. Hiyo huhesabu sifa za chumba chenyewe tu."

Kidoti alifuta ile amri, akaandika upya. Kioo kikaandika 1, na Bonge akacheka kuona wanamtazama.

Shangazi alimfunga Bonge mgongoni. "Nimekasirika, sikufichi. Ila umesema ukweli tukiwa bado ngazini, na hilo limemwokoa huyu. Hesabu ikikataa, usiilazimishe, tafuta sababu. Kosa ulilolifunika jana limemfungia leo mtoto asiyejua kusema. Na mimi nimekosa, nimeamini kioo nikaacha macho yangu. Kuanzia kesho, hakuna mlango utakaofungwa kabla hatujaingia chumbani wenyewe."